Guruguru Curtain, Silent Majority au Kyun? Singo za kwanza za Sakamichi zikiwekwa mezani

Kama ndo unaanza kuingia kwenye mambo ya aidoli wa Kijapani, yaani yale makundi ya waimbaji vijana wa pop, na umeambiwa usikilize Sakamichi basi pole, maana hutajua ushike wapi uache wapi. Makundi yenyewe ni ndugu, prodyuza mmoja Yasushi Akimoto, nyumba moja ya Sony, majina yote yanaishia na zaka46, memba wanaingia na kutoka, nyimbo ni mamia. Mimi ushauri wangu huwa ni huohuo, anza na singo ya kwanza ya kundi, kwa sababu kwenye singo ya kwanza kundi bado halina mashabiki wa kulifichia makosa, kila kitu kiko nje nje. Tatizo ni kwamba singo za kwanza zenyewe ni tatu na zinatofautiana kama mchana na usiku: Guruguru Curtain ya Nogizaka46 (2012), Silent Majority ya Keyakizaka46 (2016) na Kyun ya Hinatazaka46 (2019). Nitasema mapema kabisa nimesimama upande gani ili usije ukasema nimekuzunguka, mimi ni wa Silent Majority, lakini sio kila mtu nitamwambia aanze nayo, na sababu utaiona huko chini.

Tuanze na mkubwa wao. Nogizaka46 walitengenezwa Agosti 2011 na walitangazwa rasmi kabisa kama wapinzani wa AKB48, kundi lingine kubwa la aidoli, na kichekesho ni kwamba prodyuza wa AKB48 ndo huyohuyo Akimoto, yaani jamaa aliamua kujitengenezea mpinzani wake mwenyewe. Hata hiyo namba 46 ni majigambo, kwamba hata tukiwa wachache kuliko wale 48 hatushindwi. Kwa hiyo ukisikia hivyo unategemea singo ya kwanza ije na kishindo, mangumi, moto. Wapi. Februari 22, 2012 wakaleta wimbo wa wasichana wawili wamejiviringisha kwenye pazia la darasani wananong'onezana siri. Basi, hiyo ndo stori nzima. Muziki wenyewe umekaa kifaransafaransa wa zamani, mwepesi, hauna haraka, magauni yamefunika magoti wakati huo aidoli wengine wote wanavaa sketi fupi, na sauti zimepangwa zisishindane.

Kiukweli kama wimbo peke yake mimi Guruguru Curtain naiweka ya tatu kati ya hizi tatu. Kiitikio hakikamati, ukimaliza kuusikiliza unakumbuka hali ya wimbo kuliko wimbo. Senta, yaani yule anayesimama katikati mbele, ni Rina Ikoma, binti wa miaka 16 kutoka mkoa wa Akita, na ukiangalia video unaona kabisa mtu ambaye bado haamini kwamba amewekwa katikati. Lakini kuna kitu hii singo inakizidi kitu kingine chochote hapa mezani: ilisema ukweli kuhusu kundi. Ule upole, yale magauni, ile hewa ya shule ya wasichana wenye adabu zao, ndo Nogizaka hiyohiyo iliyokuja kuchukua tuzo kubwa ya Japan Record Awards mara mbili mfululizo, 2017 na 2018. Hawakubadilisha njia, walikomaa tu. Kwa hiyo mtu akiipenda Guruguru Curtain huyo ana miaka kumi na zaidi ya muziki wa kufurahia mbele yake, na hiyo sio zawadi ndogo.

Halafu usiiache ngoma ya upande wa pili inayoitwa Aitakatta Kamoshirenai. Hawa watu walichukua Aitakatta, wimbo wa AKB48 wa 2006 ule wa kurukaruka kwa furaha, wakaugeuza wa huzuni, melodia ileile ila imehamishiwa kwenye ufunguo wa majonzi. Yaani mpinzani anakuimbia wimbo wako mwenyewe kama anauzika kaburini. Hapo ndo uchokozi wao ulipojificha, haukuwa kwenye wimbo mkuu.

Sasa Silent Majority, yaani wengi walio kimya. Aprili 6, 2016. Hapa naomba nikae kidogo.

Keyakizaka46 ni kundi la pili, lilianzishwa Agosti 2015, na mwanzoni kabisa lilitangazwa kwa jina la Toriizaka46 kabla ya kubadilishwa. Kila mtu alitegemea Nogizaka ndogo. Badala yake ikaja video ya usiku Shibuya, mtaa wa Tokyo wenye watu wengi, ndani ya saiti ya ujenzi ambapo stesheni ilikuwa inavunjwa na kujengwa upya, mavyuma, vumbi, mataa makali, na mabinti 20 wamevaa sare za kijani kama za jeshi, hakuna anayetabasamu. Hakuna hata mmoja. Kwa aidoli hii ilikuwa kama kuvunja mwiko, maana tabasamu ndo mtaji wa kazi yenyewe. Katikati yuko Yurina Hirate, miaka 14, anaangalia kamera kama vile imemkosea.

Kuna sehemu moja nataka uiangalie vizuri. Mabinti wote wanagawanyika pande mbili, wanaacha njia katikati, na Hirate anapita hapo peke yake akija mbele, taratibu, wala hakimbii. Mashabiki wa Japani wanaiita Musa, wanamaanisha Musa wa kwenye vitabu na bahari ikimpisha. Stepu zilipangwa na TAKAHIRO, jamaa ambaye aliwahi kucheza jukwaani kwenye ziara ya Madonna, na kinachonishangaza ni jinsi alivyotumia vitu vichache. Wengi wa hawa mabinti walikuwa hawana uzoefu wa kucheza, walitoka odisheni miezi michache nyuma, kwa hiyo hakuwapa stepu ngumu, aliwapa mistari, migongo, kutembea, kusimama, mikono inayonyooka kwa pamoja. Udhaifu wao akaufanya kuwa silaha. Ukiiangalia bila sauti bado unaelewa wimbo unasema nini, na ukiniuliza video ngapi za aidoli zinaweza kufanya hivyo nitanyamaza kidogo.

Maneno sasa. Wimbo unaanza kwenye makutano ya barabara yaliyojaa watu, unauliza hawa wanaenda wapi wamevaa nguo za kufanana na sura za kufanana, halafu unakuambia wewe una uhuru wa kuishi kama wewe, usikubali watu wazima wakutawale. Mwaka huohuo Japani ilishusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 20 mpaka 18, uchaguzi wa kwanza mkubwa wa hao vijana ulikuwa Julai 2016, kwa hiyo wimbo wenye jina kama hilo kutoka miezi mitatu kabla uliwakuta watu masikio yako wazi.

Najua kuna wanaosema ni unafiki, na wana hoja. Aliyeandika maneno ni mtu mzima wa miaka karibu sitini, tena tajiri, anawaandikia mabinti maneno ya kuwapinga watu wazima, halafu mabinti wenyewe wamevaa sare moja na sura moja, yaani kilekile wimbo unachokilaumu. Mimi naona hapo ndo utamu wenyewe. Ukiwaona wanaimba usifanane na wengine huku wamefanana kutoka juu mpaka chini, halafu mmoja anatoka kwenye mstari, unapata kitu ambacho wimbo wa uasi wa kawaida haukupi, unaona bei ya kutoka kwenye mstari. Kama wangevaa kila mtu lake ingekuwa tangazo la nguo tu.

Upande wa pili wa hii singo nao una vitu. Yamanote-sen ni Hirate peke yake, wimbo umekaa kizamani kabisa kama wa redio ya wazazi wao. Shibuya-gawa ni magitaa na sauti mbili, Yui Imaizumi na Yui Kobayashi, kuhusu mto mdogo wa mjini unaopita palepale Shibuya ambao watu wengi wanapita juu yake hata hawajui, na ukikumbuka video kubwa imepigwa kwenye saiti ya eneo hilohilo unaona singo nzima imezunguka mtaa mmoja. Halafu kuna Noriokureta Bus, basi la mtu aliyechelewa, na huu inabidi nikueleze maana ndo unaotupeleka kwenye kundi la tatu.

Neru Nagahama kutoka Nagasaki alifika hatua za mwisho za odisheni ya Keyakizaka, mama yake akaja akamrudisha nyumbani kabla ya usaili wa mwisho. Baadaye wazazi wakaelewa, lakini kundi lilishatimia. Akimoto akamwingiza kivyake Novemba 2015 na kumtengenezea kikundi cha pembeni, Hiragana Keyaki, yaani Keyaki lile dogo linaloandikwa kwa herufi nyepesi. Kwenye Silent Majority yenyewe Neru hayumo, yumo kwenye Noriokureta Bus, anaimba habari ya kufika umechelewa na wenzako wamekuwekea nafasi. Na hicho kikundi cha pembeni ndo kilikuja kuwa Hinatazaka46. Singo ya kwanza ya kundi moja ina mbegu ya singo ya kwanza ya kundi lingine ndani yake, ukishajua hivyo huwezi kuusikiliza ule wimbo kawaida tena.

Basi tuje Kyun. Machi 27, 2019. Jina la Hinatazaka46 lilikuwa limetangazwa Februari 11 mwaka huo, kabla ya hapo walikuwa Hiragana Keyaki kwa zaidi ya miaka mitatu, wapo chini ya kivuli cha wakubwa zao. Na wimbo ni nini? Mvulana, treni, kioo cha dirisha, msichana ambaye hata jina hamjui, moyo unaruka. Rangi ya anga, darasa lenye jua, tabasamu mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Ukitoka Silent Majority ukaingia Kyun moja kwa moja unaweza kudhani umekosea kundi, na nadhani walikusudia hivyo, kwamba sisi sio wale. Stepu ni za CRE8BOY, nyingi za mikono, rahisi kiasi kwamba hata mtu ambaye hajawahi kucheza harusini anaziiga, na video ya kuiga ilisambaa sana kwa wanafunzi.

Senta ni Nao Kosaka wa Osaka, miaka 16, na hapa kuna tofauti kubwa na Ikoma, Kosaka anaonekana anajua anachofanya. Ni lazima ajue, maana hawa sio wageni. Walishapiga shoo siku tatu Budokan, ukumbi mkubwa wa Tokyo, kuanzia mwisho wa Januari mpaka Februari 1, 2018, walishatoa albamu mwaka huohuo, hiyo singo ni ya kwanza kwa jina tu. Kwa ubora wa utengenezaji Kyun inawazidi wote, hakuna sekunde iliyolegea, kiitikio kinakukamata ukiwa bado unafungua mlango. Lakini ukiniuliza nilikumbuka nini baada ya kuisikiliza, nitasema kiitikio. Haikuniuliza chochote. Halafu JOYFUL LOVE ya upande wa pili mimi naipenda kuliko wimbo mkuu, hiyo mashabiki wakiwa ukumbini huwa wanagawana rangi za tochi kwa maeneo ya viti mpaka ukumbi mzima unakuwa upinde wa mvua. Kama una dakika tano tafuta hiyo video ya laivu, na uwe na bando la kutosha, ubora wa chini unaua rangi zote.

Mtu ataniletea namba. Sawa, hizi hapa. Guruguru Curtain wiki ya kwanza ilikuwa kama 136,000 na iliishia namba 2 Oricon, yaani chati ya mauzo ya Japani. Silent Majority ilikuwa kama 261,000, namba 1, ikavunja rekodi ya singo ya kwanza ya wasanii wa kike iliyokuwa inashikiliwa na HKT48, kundi dada la AKB48. Kyun ikaja na kama 476,000, ikavunja ya Silent Majority. Ukiangalia hivyo unasema Kyun kashinda mechi imeisha. Ila CD za aidoli Japani zinakuja kwa aina tatu nne, kila aina ina nyimbo zake na DVD yake, na enzi hizo ndani ya matoleo ya mwanzo kulikuwa na kitu cha kukupa nafasi ya kwenda kupeana mkono na memba, kwa hiyo mtu mmoja alinunua nyingi na hakuweza kuzisikiliza zote. Namba inakuambia mashabiki walikuwa wangapi na wamejitoa kiasi gani siku ya kutoka, na Hinatazaka walikuwa na miaka mitatu ya kukusanya mashabiki hao. Nogizaka walikuwa na miezi sita. Ukitaka kujua wimbo umefika wapi nje ya wanunuzi wa CD, Silent Majority ilipita watazamaji milioni 100 YouTube na ndo iliwapeleka Kohaku, shoo ya mwisho wa mwaka ya NHK, televisheni ya taifa, mwaka uleule wa kwanza.

Kitu kingine cha kulinganisha ambacho watu hawakisemi sana ni nani anaongea ndani ya wimbo. Guruguru Curtain anayeongea ni msichana mmojawapo aliye ndani ya pazia, na Kyun ni mvulana anayemwangalia msichana, yaani mabinti wanaimba kuhusu wao wenyewe kwa macho ya mtu mwingine, na Akimoto anapenda kuandika hivyo. Silent Majority inakuangalia wewe msikilizaji usoni na kusema wewe. Inawezekana ndo maana watu wasiopenda aidoli kabisa waliuelewa huu na ile mingine miwili ikawapita.

Na kuna suala la kuchagua watu. Nogizaka walianza kwa mchujo, 16 wanaimba wimbo mkuu, waliobaki wanaitwa under, na machozi ya kutangazwa majina ni sehemu ya burudani, mimi sijawahi kuizoea hiyo. Keyakizaka wakaimba wote 20. Ukipenda kufuatilia nani kapanda nani kashuka, utaifurahia Nogizaka. Ukitaka kundi lote lionekane, nenda kwenye hiyo ya Keyakizaka.

Sasa kwanini nisimwambie kila mtu aanze na Silent Majority wakati naipenda hivyo? Kwa sababu ya kilichofuata. Ikoma alikuwa senta singo tano za mwanzo halafu nafasi ikahamia kwa wengine. Kosaka singo nne, halafu naye akapumzishwa. Hirate alikuwa senta singo zote nane za CD za Keyakizaka, zote, hakuna aliyempokea mzigo, na Januari 2020 akaondoka. Oktoba mwaka huohuo jina la Keyakizaka likazikwa wakawa Sakurazaka46. Ule wimbo ulikuwa mzuri mno kwa kundi changa, kila singo iliyofuata ilipimwa kwa huo, kila mtu akataka Hirate yuleyule mwenye macho yaleyale, na mtoto wa miaka 14 anakua, anabadilika, anachoka. Kwa hiyo ukiupenda huo wimbo ukaanza kufuata njia yake, jiandae, singo nane halafu unafika ukutani. Inauma ukiwa umeshawajua majina.

Ukiwa ni mtu wa wimbo mmoja mmoja, hutaki kujua habari za memba, unataka kitu kizito cha kukaa nacho usiku na heedifoni, chukua Silent Majority na wala usifikirie mara mbili, tena chukua toleo lenye Shibuya-gawa. Ukiwa unatafuta kundi la kukutoa kwenye mawazo baada ya kazi, la kucheka nalo, maana Hinatazaka kwenye vipindi vya TV ni vichekesho hasa, Kyun ndo mlango wako. Mdogo wako wa shule naye mpe Kyun. Guruguru Curtain nampa mtu mwenye subira, yule ambaye yuko tayari wimbo umpite mara mbili tatu kabla haujamshika, halafu amsindikize Ikoma kutoka yule binti anayetetemeka wa 2012 mpaka alipoaga 2018.

Ukishamaliza Silent Majority na ukaumia kama nilivyosema, kuna Nobody's fault, singo ya kwanza ya Sakurazaka46, Desemba 9, 2020, senta Hikaru Morita. Sijaiweka kwenye mashindano haya kwa sababu wengi wao ni watu walewale wakianza upya, lakini angalia walichofanya: safari hii wakaweka senta watatu, Morita kwenye wimbo mkuu, Karin Fujiyoshi na Ten Yamasaki kwenye nyimbo nyingine za singo hiyohiyo. Mzigo wa mtu mmoja wakaugawa kwa watatu. Wimbo wa Yamasaki unaitwa Buddies, na mashabiki wao ndo wanaitwa hivyo mpaka leo.